Gundi ya Kome na Meno ya Mzee Filemon

Mzee Filemon alikuwa na sauti ya kumwita ng'ombe kutoka bonde la pili, na kwa sauti hiyo hiyo aliendesha mnada wa sadaka nje ya kanisa kila Jumapili baada ya ibada. Kuku, mayai, mkungu wa ndizi, chochote muumini alicholeta mbele za Mungu, Filemon alikiuza kana kwamba Mungu ana haraka. Jumapili moja ya Novemba alikuwa amemning'iniza jogoo kwa miguu, anapandisha bei, akafungua kinywa aseme "mara ya tatu." Meno yake ya juu yakamtoka, yakatua juu ya mkungu wa ndizi. Watu walijitahidi wasicheke. Wazee wa kanisa wenzake walitazama mawingu kama wanaotafuta mvua. Lakini mkorofi mmoja kule nyuma akauliza kama na hayo nayo yanauzwa, na Marangu nzima ikaangua kicheko, mchungaji akiwamo.

Aikande alizipata habari hizo kwa simu kabla meno hayajaoshwa. Alikuwa mkemia, anafundisha chuo kikuu mbali na mlima, na Filemon alikuwa baba yake mkubwa. Baba mzazi alifariki Aikande akiwa shule ya msingi. Filemon akamchukua, akamlea, akamsomesha kwa kahawa na maziwa, akamchapa pale ilipobidi na mara nyingine isipobidi. Aikande alicheka kwa simu mpaka akakaa chini. Baadaye akasikitika kidogo, maana alijua baba mkubwa ana kiburi na kwamba kiburi chote hicho kilikuwa kinywani.

Desemba akapanda nyumbani, kama Wachagga wote wanavyopanda, ila yeye alikuwa na sababu zaidi ya Krismasi. Watu wa Kirua Vunjo walikuwa wanakuja na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kumposa. Anayeposa aliitwa Basili, fundi wa mitambo ya maji, mpole, mwenye masikio makubwa, na Mkatoliki wa kuzaliwa. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa tatizo, kwa kuwa Filemon alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri.

Kwenye begi lake Aikande alibeba kopo dogo la kazi yake, kwa sababu mkemia hana adabu ya kuacha kazi kazini. Jioni moja jikoni mama mkubwa Kornelia, mke wa Filemon, akalishika na kuuliza ni mafuta ya nywele ya aina gani.

"Ni gundi, mama. Nimemwiga kome."

"Kome ndiyo nani?"

"Mdudu wa baharini, mwenye magamba mawili. Anakaa kwenye mwamba, wimbi linampiga mchana na usiku, haachii. Gundi zetu za dukani zikiona maji zinakimbia. Yeye anashika jiwe likiwa limelowa hivyo hivyo. Ana molekuli ndogo yenye kama mikono miwili, ndiyo inayoshika."

"Na wewe ukaenda baharini kumnyang'anya?"

"Hapana. Mikono ya namna hiyo ipo hata kwenye utomvu wa mgomba. Si unaona unavyong'ang'ania kwenye kitenge, unageuka mweusi, hautoki mpaka kitenge kinachanika? Nimeitoa kwenye maganda ya ndizi, nikaichanganya na chuma kidogo ili mikono ipate cha kushikana nacho."

Kornelia aliangalia kitenge chake, akaangalia kopo, akamwambia kwamba mlimani watu wamekuwa wakisumbuliwa na utomvu tangu enzi za mamangi, machifu wa zamani, bila hata mmoja kulipwa mshahara.

"Kushika si kazi, mama," Aikande akasema, na hapo akachangamka kama kawaida yake. "Kazi ni kuachia. Ukipitisha umeme kidogo, wa betri tu, pale gundi inapogusa chuma panakuwa pachachu, kama ndimu. Uchachu ule unaifumbua ile mikono. Daktari atabandika kidonda kilicholowa, siku ya kubandua hakuna kuvuta, hakuna kulia."

Kutoka sebuleni, nyuma ya gazeti la juzi, sauti ikauliza, "Inashika hata kwenye mate?"

"Mate ni maji tu, baba," Aikande akajibu bila kugeuka. Ingempasa kugeuka.

Siku ya kuamkia ugeni, Filemon alimwita sebuleni akamweleza mpango wake, maana alikuwa mtu wa mipango. Angewapokea wageni vizuri. Angeionja mbege yao kama mstaarabu. Kisha angesimama na kuwaambia hapana.

"Kwa nini, baba?"

"Ni Waroma. Nyumba hii haijawahi kutoa binti kwa Waroma."

"Kutoa haijatoa," Kornelia akasema kutoka jikoni. "Kuchukua imechukua." Yeye mwenyewe alizaliwa Mkatoliki wa Kirua, akabadilishwa kanisa wiki moja kabla ya harusi, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza maoni yake juu ya Luther wala juu ya kitu kingine.

Filemon akageuza ukurasa wa gazeti. Aikande akatoka nje, akasimama kwenye migomba akiwa na hasira ya kutosha kung'oa mmoja. Alikuwa mtu mzima. Angeweza kwenda bomani na Basili, saini mbili, wakatoka ni mke na mume. Lakini hakutaka kuolewa kwa kunyatia. Alitaka kutoka kwa mlango wa mbele, na mlango huo ulikuwa mdomo wa Filemon. Desturi ilikuwa wazi: mzee wa nyumba akinywa mbege ya waposaji na kusema neno la kukubali, binti ametoka. Asiponywa, hakuna kilichofanyika, hata mle mbuzi mpaka asubuhi. Baba yake angekuwa hai angekunywa yeye. Hakuwa hai, na kinywa kilichobaki ndicho hicho chenye mpango.

Asubuhi ya ugeni Filemon hakutoka chumbani kunywa chai. Kornelia aliingia, akatoka, akasimama mlangoni akiwa ameshika tumbo. Aikande alidhani analia, kumbe anazuia kicheko.

"Njoo umwone baba yako," akasema. "Mimi peke yangu sitaweza."

Filemon alikuwa amekaa kitandani amevaa suti, tai imefungwa vizuri, na kinywa kimefungwa vizuri zaidi. Midomo ilifunguka. Meno hayakufunguka. Ya juu yalikuwa yameshikana na ya chini, nayo ya bandia, kama ukuta mmoja, na pembeni ulichungulia mstari mweusi ambao Aikande aliutambua kama mama anavyomtambua mwanawe. Kopo lilikuwa juu ya kabati, nusu.

"Baba! Umepaka kiasi gani?"

Filemon akaonyesha kwa vidole kiasi ambacho kingetosha kubandika bati.

Hata hivyo Aikande hakuelewa. Gundi ile ilitakiwa ishike polepole, nusu siku nzima, na kwa mate matupu ingekuwa bado uji. Akaangalia huku na huku mpaka akaona kikombe pembeni ya kitanda, maji yake meupe meupe. Akachovya kidole, akaonja.

"Magadi?"

"Anayalaza kwenye magadi," Kornelia akasema. "Yang'ae. Tangu siku ile ya mnada anataka yang'ae."

Basi ikawa hivyo. Kule maabara Aikande alikuwa ameijaribu gundi yake kwa maji ya chumvi, kwa damu ya ng'ombe, kwa jasho la wanafunzi. Haikumjia kwamba kuna mtu duniani atakayeichanganya na magadi. Lakini mlimani magadi yanaingia kwenye kiburu cha ndizi na maharage, kwenye mboga, kwenye dawa ya tumbo, na sasa kwenye meno ya mzee wa kanisa. Na magadi ni kinyume cha ndimu. Mikono ya ile gundi ikikutana na magadi inakikamata chuma kwa nguvu zote na papo hapo. Filemon aliyatoa meno kwenye kikombe bila kuyasuuza, akapaka, akavaa, akauma ili yakae sawa. Hakufungua tena.

Kornelia akakamua ndimu. Ndimu ikalamba nje, ikamwingia mzee puani, ikamtoa machozi, basi. Ndani haikufika. Aikande akakumbuka kipima umeme kilichokuwa kwenye begi lake, na betri yake ya mraba, akageuka kukifuata. Hapo hapo wakasikia nyimbo barabarani. Watu wa Kirua walikuwa wamewahi, kwa sababu mwenye mbege iliyoiva hawezi kuchelewa.

Mwenye nyumba kujificha wageni wakifika ni tusi, na Filemon alikuwa na makosa mengi ila hilo hakuwa nalo. Akasimama, akavuta tai, akatoka uani kama mfalme mgonjwa. Wakasalimiana. Vijana wakampa shikamoo, akawawekea mkono kichwani mmoja mmoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakaguswa sana. Akakaa kwenye kiti chake na kutazama mbele.

Msemaji wa wageni alikuwa baba mdogo wa Basili, Mzee Wenseslaus, jitu la miraba minne lililostaafu kazi ya kuwapandisha wazungu mlimani. Akaeleza walikotoka, akaeleza ukoo, akataja ua zuri waliloliona katika boma hili. Akasubiri jibu. Filemon akamtazama. Wenseslaus akakohoa, akasema mbuzi waliokuja nao si wa mwisho, kuna beberu mwingine nyumbani. Filemon akamtazama. Wageni wakanong'onezana kwamba mzee huyu ni mgumu, hajawahi kuonekana mgumu kama huyu. Likaongezwa blanketi la bibi. Likaongezwa pipa jingine la mbege. Basili, pale kwenye benchi, alianza kutokwa jasho kwenye masikio yake yote mawili.

Mwisho Wenseslaus akachota mbege kwa kata ya kibuyu, akaonja yeye kwanza kuonyesha haina ubaya, akaileta kwa mikono miwili mpaka mbele ya Filemon. Filemon akaipokea. Akaitazama mbege na ulezi wake unaoelea juu, na jasho likamshuka kwenye paji. Akanyanyua kata, akaishusha.

"Mzee anaumwa jino," Aikande akasema kwa sauti, na hilo halikuwa uongo kamili. "Mtuwie radhi kidogo. Nina dawa."

Akamshika mkono, wakaenda nyuma ya zizi la ng'ombe, kwenye migomba, Kornelia nyuma yao na ile kata mkononi ili isimwagike. Aikande akamkalisha mzee juu ya gogo, akatoa mfukoni betri ya kile kipima umeme na nyaya zenye vibanio. Bahati ilikuwa moja: meno yale yalikuwa na mabamba ya chuma, ya juu na ya chini, na vishikizo vyake vilichungulia pembeni ya midomo. Waya mmoja juu, mmoja chini. Umeme ungepita ndani kwa ndani, katikati ya gundi yenyewe, mahali ambapo ndimu haikufika.

"Subiri," Kornelia akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Muache hivi hivi." Aliongea polepole, kama anayeonja utamu. "Nitawaambia mzee amekabwa na koo, amenikabidhi mimi. Nitakunywa mimi. Nitasema mimi. Anayepinga si aseme sasa?"

Filemon akatoa sauti ya puani ambayo ng'ombe aliijibu.

Aikande alisimama na vibanio mkononi, na lazima tuseme ukweli, alitamani. Alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu. Hakuna aliyemfunga mzee. Amejifunga mwenyewe, kwa wizi wake na kwa magadi yake. Akifungua kinywa hiki, kitakunywa, kisha kitasema hapana mbele ya Kirua yote. Asipofungua, kesho yeye ni mchumba wa Basili na mama mkubwa atakuwa ameongea siku moja katika maisha yake.

Akabana waya wa kwanza. Akabana wa pili.

"Tulia hivyo hivyo, baba. Utahisi kuwasha. Itachukua muda kidogo, na muda huo ninaongea mimi."

Filemon akatoa macho.

"Ningekuacha. Unajua ningekuacha. Lakini hiyo gundi nimeitengeneza mimi, na sitaki kuolewa kwa sababu gundi yangu ilikuziba mdomo. Nitakuwa nakumbuka kila nikikuona unakula. Namtaka Basili. Sikutafuta Mroma, nilitafuta mtu, nikampata akiwa Mroma. Ukisema hapana nitaenda bomani, na nitakwenda nalia njia nzima, na utanisikia kwa sababu nyumba iko barabarani. Ila nataka uliseme wewe. Baba hayupo. Nimebaki na kinywa chako tu, na ndiyo maana nakifungua. Sasa usinisumbue, nageuza nyaya."

Akageuza nyaya, upande wa chini nao upate uchachu wake. Hakuwahi kumwambia Filemon maneno mengi namna hiyo bila kukatizwa. Macho ya mzee yalikuwa yamejaa maji. Yangeweza kuwa ya ndimu.

Sauti ndogo ikasikika, kama ya mguu unaotoka kwenye tope. Kidevu kikashuka. Filemon akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena, akajipapasa mashavu.

"Umeme," akasema, "una ladha ya sarafu."

Akachukua kata mikononi mwa Kornelia na kuondoka bila kuongeza neno. Aikande alimfuata.

Uani watu wakasimama. Filemon akanyanyua kata, akanywa funda refu, akavuta pumzi ya mnada. "Ndugu zetu wa Kirua," akaanza.

Betri haichagui. Ilikuwa imefumbua mikono yote ya ile gundi, iliyoshika meno kwa meno na iliyoshika meno kwa fizi. Katika neno "Kirua" meno yakatoka, ya juu yakifuatwa na ya chini, yakatumbukia kwenye kata, na mbege ikamrukia mzee kwenye tai.

Safari hii hakuna aliyecheka, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kicheko. Filemon alitazama ndani ya kata. Uso ulimkunjamana, akaonekana mzee wa kweli, na Aikande akamhurumia. Kisha akaona mkono wa mzee unainamisha kata pembeni, kuelekea ardhini, na huruma ikamtoka. Kumwaga mbege mbele ya walioileta ni kuvunja mazungumzo. Hata mtoto wa Marangu anajua. Asingehitaji kusema hapana. Ingekuwa imeshasemwa, na aibu yake ingezikwa humo humo.

Mkono mnene ukamdaka kiwiko.

"Usimwage," Wenseslaus akasema. "Imetoka mbali hii."

Akaichukua kata kwa mikono miwili, kwa heshima, akainua kichwa, akanywa. Watu wakaona koo lake likipanda na kushuka. Wakasikia meno yakigonga kibuyu. Alikunywa mpaka mwisho, akatema ganda moja la ulezi, akaingiza vidole ndani ya kata, akayatoa meno, akayafuta kwa leso safi na kumkabidhi mwenyewe.

"Kule juu mlimani nimekunywa vibaya zaidi ya hivi," akasema. "Mbege imeiva, mzee wangu. Endelea, ulikuwa unasema."

Filemon akageuka ukutani, akavaa meno, akarudi. Alimtazama Wenseslaus, akamtazama Basili na masikio yake, akamtazama Kornelia, ambaye kwa mara ya kwanza hakuinamisha macho.

"Mtu aliyekunywa meno yangu," akasema, "nitamnyima nini tena?"

Kicheko kilichotoka hapo kiliwatisha kuku. Yeye hakucheka. Akachota kata nyingine mwenyewe, akaita. Aliita taratibu, si kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Aikande. Njoo hapa mbele. Pombe ya watu imefika. Mwanangu, tuinywe, tusiinywe?"

Hilo ndilo swali la desturi ambalo baba yake angemwuliza, kwa maneno hayo hayo. Aikande alikuwa amejiandaa kwa hapana. Kwa swali hakuwa amejiandaa.

"Tuinywe, baba."

Filemon akabana meno yake kwa kidole gumba yasimtoroke, akainamisha kichwa, akanywa kata nzima bila kupumua.